Jedwali lililosema NDIYO mara 999: kisa cha 2⁶⁷ − 1

Ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni, Sinza. Kipindi cha tuisheni kimekwisha na nusu ya darasa wameshatoka kuwahi daladala. Kijana mmoja wa Kidato cha Sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), akabaki. Alikuwa amebeba kompyuta ya mpakato ya kaka yake ndani ya begi la shule.

"Shikamoo ticha."

"Marahaba."

"Ticha, yule mtawa alikosea. Ile namba si tasa. Nimeigawa kwa 7, imeingia. Nimeigawa kwa 3, imeingia. Kila ninachojaribu kinaingia."

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kijana alikuwa sahihi: namba ile si tasa. Lakini kila alichonionyesha kama ushahidi kilikuwa batili. Mwalimu ukikuta jibu sahihi limekalia hoja iliyooza, na jua linazama, unashawishika kusema "vizuri" na kufunga mlango. Niliweka chaki mezani, nikavuta kiti.

Wiki moja kabla nilikuwa nimewaandikia ubaoni orodha ya Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa. Mwaka 1644 alitaja vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Alidai kwamba ukiipandisha 2 kwa kimojawapo kati ya hivyo, kisha ukatoa 1, unapata namba tasa, na kwamba hakuna kipeo kingine cha namna hiyo mpaka kufika 257. Orodha hiyo ina makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 zimeachwa nje. Darasa niliwaambia idadi ya makosa tu, nisiwaambie yako wapi. Yeye akachagua 67.

Namba yenyewe ni hii: 147,573,952,589,676,412,927. Tarakimu 21.

Akafungua Excel. Kwenye kisanduku cha kwanza alikuwa ameagiza 2 ipandishwe kwa 67 kisha itolewe 1. Safu ya pili ilikuwa na namba 2 hadi 1000, zimeshuka moja moja. Safu ya tatu ilikuwa na agizo lake: gawanya, kata desimali, linganisha na jibu lisilokatwa, yakilingana andika NDIYO, yasipolingana andika HAPANA. Agizo lenyewe halina kosa. Mtu akinipa kazi ya kukagua namba ndogo, ningeliandika vilevile. Na safu ya tatu yote, mistari 999, ilikuwa NDIYO. Hapakuwa na HAPANA hata moja.

Nikamwomba arudi mstari wa kwanza kabisa. Ulikuwa unasema namba ile inagawanyika kwa 2.

Akatazama kioo, akatazama daftari lake ambako alikuwa ameinakili namba kwa mkono, ikiishia na 7. Namba witiri. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sasa ticha, 5 nayo imeingiaje?"

Tukabofya kile kisanduku cha kwanza na kupanua safu ili tarakimu zote zionekane. Excel ilionyesha 147573952589676000000. Tarakimu 15 za mwanzo ni sahihi, sita za mwisho ni sifuri. Hapo ndipo penye kiini cha hatua ya kwanza ya kisa. Kompyuta inapohifadhi namba kwa mtindo huu wa kawaida, hutenga biti 53, yaani nafasi 53 za 0 au 1, kwa ajili ya tarakimu zenyewe. Mpaka 2⁵³, yaani 9,007,199,254,740,992, kila namba nzima ina nafasi yake. Ukivuka hapo, nafasi zinaanza kuachana, na namba inayoangukia katikati husogezwa kwenye jirani yake. Namba yetu inahitaji biti 67, zote zikiwa 1. Haikuwa na pa kukaa, ikasogezwa kwenye 2⁶⁷. Ile 1 aliyoitoa ilipotea kabla hajagawa chochote.

Na kuna tatizo la pili, baya zaidi kwa sababu halionekani. Hata ukigawa namba hiyo kwa 1000, jibu bado ni kubwa kuliko 2⁵³. Namba za ukubwa huo, ndani ya mashine, hazina mahali pa kuweka desimali. Kwa hiyo "kata desimali, kisha linganisha" ni kulinganisha kitu na nafsi yake. Jedwali lingesema NDIYO kwa namba yoyote katika zile 999, iwe inaingia au haiingii.

Lawama hapa naichukua mimi. Niliwapa namba ya tarakimu 21 wakati najua wote wana vikokotoo vya tarakimu 10 na simu, na sikuwaambia mashine inakoma wapi. Siku hizi namba ya namna hii siitoi kabla hatujapita kwenye 2⁵³.

Umeme ukakatika, tukahamia ubaoni karibu na dirisha, na nadhani kisa kilinufaika. Nilimwonyesha kwamba kupata baki la namba kubwa hakuhitaji kuiandika namba kubwa. Chukua 7. Mabaki ya 2, 4, 8 ukigawa kwa 7 ni 2, 4, 1, kisha yanaanza upya. Mzunguko una hatua tatu. 67 ni tatu mara 22 na moja juu, kwa hiyo 2⁶⁷ inabakiza 2, na namba yetu inabakiza 1. Saba haiingii. Kwa 3 inabakiza 1 pia, na kwa 5 inabakiza 2. Dakika tatu za chaki zilifuta kila NDIYO aliyokuja akiitegemea.

"Kwa hiyo ni tasa?" akauliza.

Swali hilo ndilo lilinifanya nimpende huyu kijana. Hakutetea jedwali lake. Alikwenda moja kwa moja kwenye pengo lililobaki.

Nikamwambia asianze kujaribu 11, 13, 17. Mzunguko wenyewe unatuambia pa kutafuta. Tuseme kuna namba tasa q inayoigawa 2⁶⁷ − 1. Maana yake mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea, ukigawa kwa q, yanarudi kwenye 1 hatua ya 67. Urefu wa mzunguko lazima uingie ndani ya 67, na 67 ni tasa, basi urefu ni 67 wenyewe. Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, ametuachia kwamba urefu huo lazima uingie pia ndani ya q − 1. Na q ni witiri, kwa hiyo q − 1 ni shufwa. Vikikutana hivyo, q lazima iwe na umbo la 134k + 1. Kichujio cha pili: kwa kuwa 2⁶⁷ inabakiza 1, 2 yenyewe ina baki sawa na 2⁶⁸, ambayo ni (2³⁴) kipeo cha pili. Namba tasa ambazo kwazo 2 hufanana na kipeo cha pili ni zile tu zinazobakiza 1 au 7 ukizigawa kwa 8.

Tukazipanga. 135 inagawanyika kwa 5. 269 inabakiza 5 kwa 8, imeanguka. 403 inabakiza 3, imeanguka. 537 ni 3 × 179. 671 ni 11 × 61. Tukaruka zinazoanguka kwa 8. 1073 ni 29 × 37. 1207 ni 17 × 71. Kisha 1609. Hiyo ni tasa na imepita vichujio vyote. Katika namba tasa zote zilizoko chini yake, 2, 3, 5, 7, 11 hadi huko, hakuna hata moja iliyostahili kujaribiwa. Alizungushia 1609 duara mara mbili.

Tukaijaribu. 2¹¹ ni 2048, toa 1609 inabaki 439. 439 kipeo cha pili ni 192,721, baki lake 1250: hiyo ni 2²². 1250 kipeo cha pili, baki 161: hiyo ni 2⁴⁴. 161 mara 1250, baki 125: hiyo ni 2⁶⁶. Zidisha kwa 2 unapata 250. Namba yetu inabakiza 249. Haiingii. Lakini tulikuwa tumeikagua namba ya tarakimu 21 bila kuandika popote namba iliyozidi tarakimu saba.

Giza lilishaingia. Nikamwacha na vichujio viwili, aende navyo nyumbani Kimara.

Jumamosi iliyofuata alirudi na dai lililogeuka kichwa chini miguu juu. "Ticha, ni tasa. Nimethibitisha." Alikuwa amesoma kipimo cha Fermat: ikiwa N ni tasa, basi 2 ukiipandisha kwa N − 1 na kugawa kwa N inabakiza 1. Na alikuwa ameonyesha, bila mashine yoyote, kwamba 2⁶⁷ − 1 inapita. Hoja yake ilikuwa nzuri sana na naiandika kama alivyoiandika. 2⁶⁷ inabakiza 1 ukigawa kwa N, kwa sababu N ni pungufu yake kwa 1. N − 1 ni 2⁶⁷ − 2, nayo inagawanyika kwa 67. Alikuwa amegawa kwa mkono na kupata 2,202,596,307,308,603,178 kamili. Basi 2 kipeo N − 1 ni 2⁶⁷ iliyopandishwa kwa kipeo hicho, na 1 ikipandishwa kwa chochote ni 1.

Kila mstari ni kweli. Kilichokosewa ni neno "kwa hiyo" la mwisho. Fermat anasema tasa zote zinapita. Hasemi kila inayopita ni tasa. Na ukiiangalia hoja ya kijana, utaona haikutumia chochote kuhusu 67 isipokuwa kwamba 67 ni tasa. Ingefanya kazi vilevile kwa 11. Nikamwomba aandike 2¹¹ − 1. Akaandika 2047. "Igawe kwa 23." Akapata 89.

Kwa maoni yangu kosa hili lilikuwa la thamani kuliko la kwanza. La Excel lilikuwa la kutojua mashine. Hili lilikuwa la mantiki, lile lile tunalofanya tunaposema wezi wote walipita uchochoro huu, huyu kapita, basi huyu ni mwizi.

Sasa alikuwa tayari kwa kile nilichotaka wajue tangu mwanzo. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Hakutoa kigawo hata kimoja. Wanafunzi wengi hawakubali kwamba jambo hilo linawezekana. Kwao, kusema namba ina vigawo bila kuvitaja ni kama kumshitaki mtu bila kusema kaiba nini. Njia yake, ambayo baadaye D. H. Lehmer aliinyoosha, ndiyo hii tunayoitumia leo. Anza na 4. Kila hatua, piga kipeo cha pili, toa 2, kisha chukua baki kwa ile namba. Kwa 2ᵖ − 1 fanya hivyo mara p − 2. Ukiishia kwenye sifuri, namba ni tasa. Usipoishia kwenye sifuri, si tasa, na hukumu hiyo haina rufaa.

Darasa zima tukaifanyia 31 kwanza, kipeo 5, hatua tatu: 4, 14, 194 ambayo inabakiza 8, kisha 64 toa 2 ni 62, baki sifuri. 31 ni tasa. Halafu 2047, kipeo 11, hatua tisa: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Si sifuri. Tazama sasa kilichotokea hapo. Hakuna mahali 23 ilipojitokeza, hakuna mahali 89 ilipojitokeza. Kipimo cha Fermat kilidanganywa na 2047, na mnyororo huu haukudanganyika. Kwa kipeo 67 ni hatua 65, kila moja ikiwa na kipeo cha pili cha namba ya hadi tarakimu 21. Kwa mkono ni kazi ya kuchosha lakini inamalizika.

Kutafuta vigawo ni habari nyingine kabisa. Kijana alikuwa amenipa daftari lake, amejaribu k mpaka 60 na kitu. Nikamfanyia hesabu ya safari iliyobaki. Kigawo kidogo kinakaa kwenye k = 1,445,580. Kichujio cha 8 kinabakiza nusu yake, yaani namba 722,790 za kuangalia. Nyingine zingeanguka kwa 3 na kwa 5, lakini tuchukue dakika moja kwa kila moja: ni zaidi ya siku 500, usiku na mchana, bila kula. Bila vichujio, kugawa kwa witiri wote, zingekuwa karibu milioni 97.

Aliyevipata vigawo ni Frank Nelson Cole, profesa wa Columbia University. Tarehe 31 Oktoba 1903, kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani huko New York, inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni, akapiga 2⁶⁷, akatoa 1, akahamia upande wa pili wa ubao, akazidisha namba mbili kwa mkono, majibu yakalingana, akarudi kukaa bila kutamka neno. Ukumbi ukampigia makofi. Simulizi za namna hii huongezwa chumvi, ila namba zenyewe hazina chumvi: 193,707,721 × 761,838,257,287.

Tukazizidisha darasani kama yeye. Kigawo cha kwanza kina tarakimu tisa, moja ikiwa sifuri, kwa hiyo mistari minane ya kuzidisha. Nikagawa madawati: hawa mara 1, hawa mara 2, hawa mara 3, hawa mara 7, hawa mara 9. Kila dawati liliandika mstari wake kwenye daftari la hesabu, tarakimu moja kila kiboksi, na kabla ya kuuleta ubaoni ilibidi upite kwenye kipimo cha tisa: jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. 761,838,257,287 inatoa 64, kisha 10, kisha 1. Basi mara 7 lazima itoe 7. Dawati la mara 7 walileta 5,332,867,401,009. Jumla yake 48, kisha 12, kisha 3. Wakarudi. Binti mmoja akafuata kwa ncha ya kalamu kutoka kulia: 49, andika 9 beba 4; 60; 20; 51; 40, andika 0 beba 4; kisha 2 mara 7 ni 14, na hapo aliyeandika alisahau ile 4 aliyoibeba, akaweka 4 badala ya 8. Wakasahihisha: 5,332,867,801,009, jumla 52, saba. Saba ile inatokea mara tatu kwenye kigawo cha Cole. Kosa lile moja lingeingia kwenye jibu mara tatu, kila safari mahali pengine.

Mistari ilipopangwa, kila mmoja ukisogea kushoto, tukajumlisha kwa sauti. Safu ya kulia kabisa ikatoa 7. Kisha 2. Kisha 9. Kufika kwenye 412,927 darasa lilishaanza kutamka tarakimu kabla ya kuzipiga, wakizisoma kwenye daftari la kijana. 147,573,952,589,676,412,927. Mimi huwa sipendi kelele darasani. Siku ile niliziacha.

Nimeulizwa na mwalimu mwenzangu yote haya yanamhusu nini mtoto wa Dar anayetaka kusoma uhandisi. Jibu langu liko kwenye umbali kati ya 1876 na 1903: kwa miaka 27 ilijulikana kwamba namba ile ina vigawo na hakuna aliyeweza kuvitaja. Kuzidisha namba mbili za tasa ni kazi ya madawati matano na nusu saa. Kurudi nyuma kutoka kwenye zao ni kazi ya miaka. Usimbaji wa RSA, unaolinda mawasiliano mengi ya intaneti, umejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo, kwa zao la tarakimu 617. Namba ya Cole leo simu inaivunja mara moja. Ya tarakimu 250, iitwayo RSA-250, ilivunjwa mwaka 2020 kwa kompyuta nyingi zilizofanya kazi kwa pamoja.

Kijana aliniuliza kama bado ipo namba ya Mersenne inayokaa kwenye kipindi kile cha miaka 27, imeshahukumiwa lakini vigawo havijaonekana. Nikamwandikia 2¹²⁷⁷ − 1. Ina tarakimu 385. Imesakwa kwa miaka mingi na mashine kubwa kuliko zote tulizo nazo hapa.

Wiki iliyofuata alikuja na Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo namba zake nzima hazikatwi zikivuka 2⁵³. Jambo la kwanza alilonionyesha, kabla ya kitu kingine, lilikuwa baki la namba yetu kwa 2: moja. Kisha akaweka 67 kwenye mnyororo wa Lucas. Hatua 65, baki la mwisho si sifuri. Akaweka 1277. Hatua 1,275. Si sifuri.

"Na vigawo, ticha?"

"Umbo lake unalijua," nikamwambia. Akaandika juu ya ukurasa mpya: 2554k + 1.